Mbegu za Bega la Mlima

Kwenye kitalu cha miche walimwita Profesa, na jina hilo halikuwa la heshima. Alikuja na cheti cha chuo chenye mihuri miwili, akapewa mpira wa maji. "Profesa, mpira unavuja!" "Profesa, hebu muulize huyu konokono, amesomea wapi kula miche?" Wakacheka, naye akacheka nao. Alikuwa na miaka ishirini na minne, kazi aliipenda, na moyoni aliamini jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba vitu vingi vilivyopotea duniani vilipotea kwa sababu tu hakutokea mtu mmoja wa kuviangalia kwa makini. Yeye alitaka kuwa mtu huyo.

Baba yake alikuwa dereva wa kijiko, lile jitu la chuma lenye mkono mrefu, kwenye machimbo ya kokoto. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiukata mlima mmoja. Alikuwa mtu wa maneno machache, mpole kupita kazi yake, na mikono yake ilitetemeka hata akiwa ameketi, kwa sababu mashine ilikuwa imeshaizoesha. Siku moja mvua zikielekea kwisha alirudi nyumbani, akaoga, akala, kisha akatoa mfukoni mkebe wake wa miwani akauweka mezani.

"Profesa," alisema, maana hata yeye alikuwa ameshaliokota jina hilo, "fungua taratibu."

Ndani hapakuwa na miwani. Palikuwa na punje nyeusi, ndogo kama chembe za majani ya chai.

"Mbegu za nini, Baba?"

"Za sare."

Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani na kazi zake alizifanyia palepale sebuleni, alisimamisha mguu kwenye kikanyagio. "Jamani! Miaka yote hii mume wangu hajaniletea ua hata moja. Leo kaleta, kampa mwanawe, tena ua lenyewe bado mbegu!"

"Wewe nikikuletea utalipiga pasi," alisema Baba.

Sare lilikuwa ua la mwituni, na kama lilikuwa na jina jingine, pale nyumbani hakuna aliyelijua. Wachimbaji ndio waliolipa jina hilo, kwa kuwa rangi yake ya samawati ilikuwa ileile ya ovaroli zao zikiwa mpya, kabla ya vumbi na sabuni kuzitoa uhai. Mvua ikianza lilichipua kutoka kwenye mzizi uliolala chini, likachanua kwa wiki kadhaa, kisha majani yakakauka yakadondoka, ukipita hapo utasema hapajawahi kuota kitu. Mwaka unaofuata liko palepale. Baba aliyajua mashina yake kama mtu anavyojua majirani. Lakini mlima ulipungua kila mwaka na sare zikapungua nao, hadi zikabaki kwenye bega moja tu, upande wa mashariki. Mara mbili alijaribu kung'oa shina zima alilete nyumbani. Mzizi ulikuwa umejipenyeza kwenye ufa wa jiwe kama kidole kilichobanwa na mlango. Ukakatika, shina likafa njiani. Mahali pengine hakuwahi kuliona.

"Lile bega litakatwa," alisema. "Na mkataji ni mimi. Sasa nikasema, kwa kuwa wewe umesomea..." Hakumaliza. Alisukuma mkebe kidogo kuelekea kwa bintiye, kama mtu anayempitishia mwenziwe sahani.

Profesa alizihesabu mbegu mara mbili. Zilikuwa sitini na tatu.

Mkuu wa kitalu alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Mama Miche. Kitalu kizima kilikwenda kwa sheria zake, na sheria kubwa ilikuwa ya siku arobaini. Trei ikikaa siku arobaini bila kuota, inamwagwa. "Mbegu haina aibu," alikuwa akisema. "Ikitaka kutoka itatoka hata mbele ya wakwe. Ikinyamaza siku arobaini, imekataa." Udongo wa trei zilizokataa haukutupwa. Ulimwagwa juu ya bati kubwa lililotegwa juu ya moto, ukageuzwa kwa koleo mpaka magugu na wadudu wote wafe, ndipo ukatumika tena. Na ili kujua umeiva, walifukia kiazi kimoja katikati. Kiazi kikiiva, udongo umeiva. Kisha wakakigawana kwa chumvi, na hiyo ikawa ndiyo starehe ya Jumamosi.

Mama Miche alizitazama zile mbegu kwenye kiganja cha Profesa. "Hizi ni za nini? Nani kaagiza?"

"Za mwituni, Mama. Hakuna aliyeagiza."

"Basi zipe kona, zisisumbue wateja."

Profesa alizigawa kwenye trei tatu, ishirini na moja kila trei. Za kwanza alizipanda kama zilivyo. Za pili aliziloweka kwenye maji ya moto usiku kucha. Za tatu alizisugua kwa msasa, moja moja, mpaka ncha za vidole zikamuuma, kwa kuwa vitabu vilisema mbegu yenye ganda gumu husaidiwa hivyo. Aliandika kila kitu kwenye daftari: tarehe, kiasi cha maji, joto la asubuhi na la mchana. Kitu kimoja tu hakukiandika, kwa sababu hakukiuliza. Hakumuuliza baba yake mbegu za sare zinaotaje mlimani.

Nyumbani, kila Baba alipovua viatu mlangoni, swali lilikuwa moja.

"Wameamka?"

"Bado, Baba."

"Sawa. Waache walale."

Na Mama kwenye cherehani: "Mngekuwa mnaniuliza mimi hivyo kila siku, ningekuwa malkia."

Siku ya arobaini ilifika, trei tatu zikiwa uchi kama meza iliyofutwa. Mama Miche alikuja akasimama kwenye kona, mikono kiunoni.

"Mama, niongezee kidogo," alisema Profesa.

"Kidogo ni ngapi?"

"Arobaini nyingine."

Mama Miche aliguna. Miaka yote hakuwa amempa mtu siku hata moja ya nyongeza. Lakini alimtazama yule binti na daftari lake, akaondoka bila kusema neno, na kwa desturi yake hiyo ilikuwa ruhusa.

Zikapita hizo arobaini nyingine. Profesa alinyunyiza maji kwa chupa ndogo ili asizitibue. Alifunika trei kwa nailoni, akafunua. Alizihamishia kivulini, akazirudisha juani. Kuna asubuhi aliona kitone cha kijani kwenye trei ya tatu, moyo ukamruka, akaita watu. Ikawa ni ukoka. Walimcheka kwa wema, na yeye mwenyewe akacheka, kisha akarudi kushika mpira wa maji. Hakuna kazi ngumu kama kumhudumia asiyejibu. Mgonjwa huguna, mtoto hulia. Mbegu hainung'uniki, haikwambii umekosea wapi.

Siku ya themanini ilikuwa Jumamosi. Kulikuwa na oda kubwa ya maua ya ofisi, yale ya njano ya msimu mmoja, na meza zote zilihitajika. Mama Miche alipita mara mbili tu karibu na ile kona. Profesa aliona afadhali apigwe kofi na mtu kuliko kuhurumiwa namna ile. Alijiambia kwamba ukweli ni ukweli, kwamba mbegu zilikuwa mbovu tangu mwanzo, na mtu aliyesoma hapaswi kukalia meza ya wenzake kwa sababu ya mapenzi. Akapiga moyo konde. Akazibeba trei zake mwenyewe, moja baada ya nyingine, akazimwaga juu ya bati.

"Una hakika?" Mama Miche aliuliza.

"Sheria ni sheria, Mama."

Wakakoka moto. Profesa mwenyewe ndiye aliyeshika koleo. Kiazi kilipoiva walikikata vipande vinne, na kwa kuwa alikuwa na huzuni walimpa kipande kikubwa, naye akakila.

Alipanga kumwambia Baba Jumapili. Jumapili Baba alikuwa na furaha, akitengeneza mguu wa meza huku akiimba kwa pua, na Profesa akaona si vizuri kumharibia. Jumatatu akarudi amechoka, na mtu aliyechoka haongezewi mzigo. Sababu ya kunyamaza haikosekani ukiitafuta.

Jumanne Baba aliuliza tofauti. Hakuuliza kama wameamka. Alisimama mlangoni, kiatu kimoja mkononi, akasema, "Wale watoto wako salama?"

Profesa alikuwa akikata kitunguu. Alifikiri: mbegu zilikuwa zimekufa tangu mwanzo, huyu mzee nimuumize kwa faida gani leo? Nitamwambia taratibu, siku nyingine, nikiwa na maneno mazuri.

"Wako salama, Baba."

"Kweli?"

"Kweli."

"Vizuri," alisema Baba, akavua kiatu cha pili. Hakusema kwa nini ameuliza.

Ijumaa alirudi mapema, ovaroli imejaa vumbi jipya jeupe, akaomba maji ya kunywa akayamaliza kwa mkupuo mmoja. Uso wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetoka hospitali na majibu mazuri.

"Leo nimelishusha bega," alisema.

Profesa aliinua uso. "Bega gani?"

"La mashariki. La sare. Nyapara aliniuliza Jumatatu: tukate hilo, au tuanze upande wa pili, hilo tuliache mpaka mwakani? Akaniachia mimi niamue, maana anajua ninavyolipenda. Nikamwambia subiri kwanza nikamuulize Profesa wangu. Ulivyosema wako salama, nikaona basi. Kuliko kulikata kwa mafungu kama mtu anayemkata kuku angali hai, bora niliondoe kwa siku moja." Alijifuta midomo kwa nyuma ya kiganja. "Nimeliaga, lakini sikulia. Nilisema moyoni, nyinyi nendeni, wanenu wako kwa binti yangu."

Mama aliacha kushona. Alikuwa ameuona uso wa mwanawe.

"Sasa usiwe na haraka nao," Baba aliendelea, akinyoosha miguu. "Hawa huwa wavivu. Nakumbuka mwaka ule kijiko kiliharibika, ngazi ya nne ya machimbo tukaiacha tumeikwangua, haina hata jani. Mvua ya kwanza, hakuna kitu. Nikasema nimewamaliza. Mvua ya pili, mama yangu! Wametoka kama nywele. Mbegu yake hulala mwaka mzima kwanza. Inangoja, sijui inangoja nini, lakini mwaka wa pili inaamka. Kwa hiyo wewe zipe maji tu, subiri."

Profesa alikumbuka moshi, uzito wa koleo, na chumvi kwenye kile kiazi. Zilikuwa hai. Siku zote themanini zilikuwa hai, zimelala, nazo zilikuwa hai alipozimwaga.

"Baba," alisema, "kwa nini hukuniambia?"

"Kukuambia nini?"

"Kwamba zinalala mwaka."

Baba alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Nikuambie mimi? Nilidhani unajua. Wewe ndiye uliyesoma."

Hapo ndipo alipomwambia. Alimwambia yote, tangu siku ya themanini hadi kiazi, hadi "wako salama" ya Jumanne. Hakulia wala hakujitetea. Alisema kama anayesoma daftari lake. Alipomaliza, alimtazama Baba. Mikono ya Baba ilitetemeka juu ya magoti, lakini ilitetemeka hivyo kila siku, na Profesa hakuweza kujua kama leo kuna zaidi.

"Basi," alisema Mama kwa sauti ya chini, "maji yakimwagika hayazoleki."

Baba akasema, "Maji ndiyo hayazoleki. Udongo unazoleka." Akainuka. "Udongo wa juu wa lile bega niliuweka pembeni, tipa ikaubeba. Humo mna mizizi, mna mbegu zilizodondoka. Kesho twende tukaombe magunia mawili. Hata moja."

Asubuhi walikwenda pamoja, Profesa na magunia manne kwapani, maana matumaini hayana kipimo. Machimbo yalikuwa meupe na mapana kuliko alivyokumbuka. Pale palipokuwa na bega palisimama ukuta wa jiwe uliokatwa wima, safi kama kipande cha sabuni. Alipita chini yake akiingiza vidole kwenye nyufa. Alitoa vipande viwili vya mzizi, kila kimoja urefu wa njiti ya kiberiti, vimesagwa vikawa nyuzi. Alivifunga kwenye leso hata hivyo.

Dereva wa tipa alikuwa akipuliza chujio la hewa la gari lake.

"Ule udongo mwekundu wa jana?" alisema. "Mzee wangu, ule ulikwenda moja kwa moja kwenye lile ghala jipya barabarani. Walikuwa wanataka kifusi cha kujaza msingi. Kwani vipi, umedondosha simu?"

"Nimedondosha kitu."

"Basi wahi. Wale jamaa hawalali."

Waliwahi. Walitembea nusu saa, Baba mbele, na kwa mtu mzito kama yeye alikwenda karibu na kukimbia. Walipofika, msingi wa ghala ulikuwa umeshindiliwa tangu jana, na mafundi walikuwa wamekwisha mwaga zege juu yake. Lilikuwa bichi bado, linang'aa. Fundi mmoja alipiga magoti juu ya ubao akilisawazisha taratibu kwa mwiko, mwenzake akinyunyizia maji.

Baba aliweka mguu ukingoni.

"Mzee! Usikanyage!" alipiga kelele fundi. "Utatuharibia kazi!"

Baba aliurudisha mguu. "Samahani, fundi," alisema. "Kazi nzuri." Na ilikuwa nzuri kweli. Alisimama akiitazama, kofia mkononi, mpaka fundi mwenyewe akaanza kuona haya akauliza kama kuna anayemtafuta. Baba akasema hapana.

Kurudi walirudi polepole. Saa sita ilipogonga wafanyakazi walikwenda kula, mashine zikanyamaza, nao wakakaa kwenye kivuli cha kijiko, migongo yao kwenye mnyororo wake wenye joto. Profesa alingoja agombezwe. Aliona ingekuwa nafuu. Angegombezwa, angeomba radhi, mambo yangekuwa na mwisho.

"Ningekuambia nyapara kauliza nini," alisema Baba. "Jumanne ile. Ningesema neno moja tu, nawe ungesema lako."

"Kosa ni langu, Baba."

"Lako, langu. Kijiko kilikuwa mkononi mwangu." Alichukua kokoto akaitupa mbali. "Hata ungezitunza, mwanangu, ningelikata tu siku moja. Nisingelikata mimi, angelikata mwingine. Mimi hapa sina mlima. Nina kiti tu ndani ya mashine."

Chuoni Profesa alikuwa amejifunza majibu mengi, na aliyapekua yote, asipate moja linalofika pale walipokuwa wameketi. Mwishowe alifungua mkoba, akatoa daftari na kalamu.

"Niambie sare lilivyokuwa," alisema. "Tangu mwanzo. Kila kitu unachokijua."

"Ya nini sasa?"

"Sijui, Baba."

Baba alilitazama lile daftari, kurasa za mwanzo zimejaa tarehe na joto la asubuhi. Alikohoa, akajiweka sawa kama mtu anayepigwa picha.

"Andika. Linapenda upande unaopata jua la asubuhi. Mchana halipendi. Linafunguka saa ya chai ya kwanza, si kabla. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nyuki wake ni wale wadogo weusi. Wakubwa hawaliwezi. Mzizi unaingia kwenye ufa, hautaki udongo mwingi." Midomo yake ikahesabu ngazi za mlima ambao haukuwepo tena. "Mbegu inakomaa kikombe cha ua kikigeuka rangi ya karatasi ya gazeti. Ukichelewa siku mbili, imeruka. Ukiipanda, mwaka wa kwanza huoni kitu. Hapo piga mstari chini."

Profesa alipiga mstari.

"Huoni kitu kabisa. Utadhani imekufa. Andika hapo: usimwage." Alisema kwa upole, hakuwa akimchoma mtu, alikuwa akitafuta tu asisahau jambo lolote. "Umeandika?"

Aliandika. Ilimchukua muda, kwa kuwa herufi zilikuwa zikimchezea machoni, na Baba akamngoja mpaka akamaliza, kisha akaendelea na mvua ya pili.